Soma mstari wa chini kwanza: kwa mnaoanza kusoma historia ya Marekani

Kila muhula mpya ukikaribia, napata ujumbe kutoka kwa vijana wetu waliopata nafasi ya kusoma historia ya Marekani kwenye vyuo vya hukuhuku Marekani, na swali huwa lile lile: nisome vitabu gani kabla sijafika? Vitabu mtapewa na walimu wenu, tena vingi kuliko mtakavyoweza kuvimaliza. Mimi nawaambia habari za vitu ambavyo havimo kwenye orodha ya vitabu: minara ya kumbukumbu, picha za zamani na barabara. Navyo husomwa, na vina hila zake.

Mnara una tarehe mbili, ya tukio na ya siku uliposimamishwa. Mgeni husoma ya kwanza, hupiga selfi, huondoka. Ya pili mara nyingi iko chini kabisa kwa herufi ndogo, pamoja na jina la chama kilicholipa gharama. Anzia hapo. Sanamu ya Jenerali Robert E. Lee, aliyeongoza jeshi la majimbo ya Kusini yaliyojitenga ili utumwa udumu, iliyokuwa mjini Richmond, Virginia, ilisimamishwa 1890, miaka 25 baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe kwisha na miaka 20 tangu Lee afariki. Ukiitumia kueleza vita vilivyopiganwa, mwalimu wako atakurudishia karatasi, na atakuwa na haki. Itumie kueleza wazungu wenye nguvu mjini Richmond mwaka 1890 walitaka watoto wao waamini nini. Iliondolewa Septemba 2021, na hiyo ni tarehe ya tatu, yenye habari zake.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Washington, kwenye bustani ya Lincoln Park. Rais Abraham Lincoln amesimama, na mtu mweusi aliyetoka utumwani amepiga goti mbele yake. Sanamu ilizinduliwa 1876. Fedha zilichangwa na watu waliokuwa watumwa, na mchango wa kwanza ulikuwa dola 5 za Charlotte Scott. Lakini umbo la sanamu hawakulichagua wao. Frederick Douglass, mtu mweusi aliyetoroka utumwani akawa msemaji mashuhuri wa kupinga utumwa, alihutubia siku ya uzinduzi, na siku chache baadaye akaandika gazetini kwamba kabla hajafa angependa kuona mnara unaomwonyesha mtu mweusi akiwa amesimama kwa miguu yake. Basi ukifika pale jiulize maswali mawili tofauti, nani alilipa na nani aliamua, wala usidhani jibu ni moja.

Kwa barabara, nendeni Alabama. Kama mna nauli ya safari moja tu mwaka mzima, iwe hiyo. Kutoka Selma hadi Montgomery ni kilomita 87 kwa barabara namba 80, na vitu vyote vitatu ninavyovizungumzia vinakutana humo. Usianzie kwenye gari. Lipite daraja la Edmund Pettus kwa miguu, kutoka upande wa mjini. Utagundua kitu ambacho picha haikuambii: daraja limepinda juu kama mgongo, kwa hiyo huoni ng'ambo mpaka ufike katikati. Tarehe 7 Machi 1965 watu wapatao 600, waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura, walipanda mpindo huo, na walipofika kileleni ndipo wakawaona askari wa jimbo wamejipanga kule chini. Kilichofuata ni virungu na mabomu ya machozi. Picha nyingi unazozijua zilipigwa chini, upande wa askari. Ukisimama pale juu unaelewa kwamba waliokuwa mbele waliona kinachowangoja, na bado wakateremka. Jina la daraja nalo ni la jenerali wa jeshi la Kusini aliyekuja kuwa seneta. Lilifunguliwa 1940, yaani alishakufa zaidi ya miaka 30. Mstari wa chini tena.

Maandamano yaliyofanikiwa yaliondoka Selma tarehe 21 Machi. Mahakama iliruhusu watu 300 tu kwenye kipande ambacho barabara ilikuwa nyembamba, ya njia mbili, ndani ya Kaunti ya Lowndes. Leo imepanuliwa, na malori yanapita kwa kasi ya kutisha, kwa hiyo msisimamishe gari ovyo ukingoni kwa ajili ya picha. Simameni kwenye kituo cha kumbukumbu cha Lowndes. Hapo ndipo wakulima waliofukuzwa kwenye mashamba ya mabwana wao kwa kosa la kujiandikisha kupiga kura waliishi kwenye mahema. Mwaka 1965 ulipoanza, kaunti hiyo ilikuwa na watu weusi wengi kuliko wazungu, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa kwenye daftari la wapiga kura. Mbele kidogo, juu ya kilima kando ya barabara, kuna jiwe la Viola Liuzzo, mama wa watoto watano kutoka Detroit, aliyepigwa risasi usiku wa 25 Machi akiwasafirisha waandamanaji kwa gari lake. Jiwe limezungushiwa uzio wa chuma, kwa sababu liliwahi kuchorwa bendera ya jeshi la Kusini. Wengi hupiga picha wakiukwepa uzio. Lipigeni pamoja na uzio wake.

Jambo la adabu, maana huko mtazungumza na wazee. Msimwite mzee mweusi wa Kusini kwa jina lake la kwanza hadi akuruhusu. Kwetu ni sawa na kumpita mtu mzima bila shikamoo, lakini kwao lina kidonda zaidi: wazungu walikuwa wakiwaita watu wazima weusi majina ya kwanza kwa makusudi ya kuwadunisha. Mwaka 1963 Mary Hamilton, mwanaharakati mweusi wa haki za raia, alikataa kujibu maswali katika mahakama ya Alabama mpaka aitwe "Miss Hamilton". Alifungwa kwa kuidharau mahakama, na kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, akashinda mwaka 1964. Mzee atakayekusimulia habari za Selma huenda aliikuta hali hiyo akiwa kijana.

Picha, sasa. Picha ile moja iliyo maarufu usiitazame peke yake. Tafuta zilizopigwa kabla na baada yake. Huko Gettysburg, uwanja wa mapigano ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, Julai 1863, timu ya mpiga picha Alexander Gardner ilipiga picha ya mwanajeshi aliyekufa kati ya mawe makubwa, na kitabu chake cha 1866 kikamweleza kuwa mdunguzi. Zaidi ya karne moja baadaye, mtafiti William Frassanito alizilinganisha picha za siku hizo na kuonyesha, mwaka 1975, kwamba maiti ile ile inaonekana mahali pengine kwenye mteremko. Ilibebwa yapata mita 65 na kupangwa upya. Hata bunduki iliyoegemezwa ukutani si ya mdunguzi. Frassanito hakuhitaji nyaraka za siri, alihitaji subira na picha kadhaa za pembeni.

Kazi kama hiyo mnaweza kuifanya mkiwa kitandani. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka mtandaoni picha za mradi wa serikali wa miaka ya 1930 na mwanzo wa 1940, negativu (filamu za kuchapia picha) zaidi ya 170,000, bure. Msichukue ile ndogo inayotokea kwanza, pakueni faili kubwa na kulikuza. Mtakutana na nyingine zenye duara jeusi katikati, pengine usoni mwa mtu. Si uchakavu. Roy Stryker, msimamizi wa mradi, alikuwa akizitoboa kwa mashine ya kutobolea karatasi zile alizozikataa. Ukizipanga zilizotobolewa upande mmoja na zilizochapishwa upande mwingine, tayari una mada ya insha. Na andikeni namba ya kumbukumbu ya kila picha siku hiyo hiyo mnayoipakua. Kuitafuta tena usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi ni adhabu.

Kwa zoezi la kwanza, hakuna haja ya nauli. Maktaba ya Umma ya New York imeweka wazi Green Book, mwongozo ambao Victor Hugo Green, mpeleka barua wa Harlem, mtaa wa watu weusi mjini New York, alianza kuutoa 1936 ili wasafiri weusi wajue hoteli na migahawa ambayo haitawafukuza. Chagua mji mmoja, chukua anwani zake zote, zitafute kwenye ramani ya setilaiti. Mara nyingi utakuta maegesho ya magari, au utakuta barabara kuu imepita juu yake. Hapo tafuta barabara hiyo ilijengwa mwaka gani, na nani alichora njia yake. Montgomery ni mji mzuri wa kuanzia, maana barabara kuu ya I-85 ilipitishwa katikati ya mtaa wa watu weusi, na majina ya walioamua yamo kwenye kumbukumbu za jimbo.