Barua kwa mwanangu: mbona vijana wanaacha upinde?

Mwanangu mpendwa,

Unaniuliza kwa nini kati ya vijana ishirini ulioanza kuwafundisha kulenga shabaha kwa upinde Januari wamebaki saba, na kama uongeze zawadi au uwe mkali zaidi. Mimi si kocha, ila nilikaa kando ya uwanja miaka sita nikikutazama.

Kocha wako wa kwanza alikuwa akisoma alama zako mbele ya wote. Ukipata nane, kimya, ukikosa, anafoka. Tulirudi Buruburu hujatamka neno ndani ya matatu, na kila Jumamosi asubuhi tumbo lilikuuma. Ulikuwa unaogopa, nami nikadhani ni uvivu. Hilo linaniuma hadi leo.

Wa pili hakuuliza alama. Alikusimamisha mita tano tu kutoka kwenye shabaha, akakwambia ufumbe macho usikie misuli ya mgongo ikivuta. Kisha akapima kwa shubiri jinsi mishale yako sita ilivyotawanyika. "Wiki jana shubiri mbili, leo moja na nusu." Mishale yote ilikuwa mbali na duara la manjano la katikati, naye alifurahi kwa dhati, maana ilikaa pamoja, kulenga kungerekebishwa baadaye. Halafu akakuachia uamuzi: usogee nyuma au ubaki hapo. Jioni hiyo ulinunua daftari la kuandikia shubiri zako. Daftari hilo ndilo lililokuvusha hadi mita 70, ambako duara la alama kumi lina upana wa sentimita 12.2 tu.

Zawadi si mbaya, lakini mtoto akizoea kuja kwa ajili ya soda, siku soda haipo naye hayupo. Mpiga upinde wetu Shehzana Anwar alipobeba bendera ya Kenya kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 ulirukaruka sebuleni. Hata hivyo, Jumamosi zilizofuata, zile za mvua, uliamka kwa sababu wenzako walikuwa wanakungoja stejini.

Ukali uweke kwenye usalama. Anayevuka mstari wakati mishale inaruka, mtoe uwanjani, hata akilia. Kwingine kote, mpe kila mmoja daftari lake na umwache ajipimie.

Na yule kijana wa Kayole uliyesema alianza kukosa mazoezi baada ya bega kumuuma, mpigie simu leo. Usimuulize atarudi lini. Muulize bega linaendeleaje.

Mama yako