Mwanajeshi Mstaafu Anapojiunga na Darasa Lako

Nafundisha masomo ya ugavi na usafirishaji, madarasa ya jioni, katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi. Karibu kila Septemba, kati ya wanafunzi wapya huwamo watu wazima waliotoka jeshini. Wamestaafu wakiwa bado na nguvu zao, wana watoto wa kusomesha, na sasa wanataka shahada. Baada ya kuwafundisha kwa miaka, nina msimamo: heshima yetu kwao ianzie kwenye ratiba, kwenye karo na kwenye namna tunavyozungumza nao. Sherehe za Oktoba 14, Siku ya KDF (Majeshi ya Ulinzi ya Kenya), ni nzuri na nazipenda, lakini hakuna aliyefuzu kwa kupigiwa makofi.

Anza na maswali. Kijana akisikia mwenzake alikuwa Somalia, la kwanza kumtoka mdomoni ni, "Uliua wangapi?" Nimelisikia likiulizwa mbele ya darasa zima, nikaona mtu mzima akifunga daftari lake na kunyamaza hadi kipindi kikaisha. Siku hizi, wiki ya kwanza ya muhula, nawaambia wote waziwazi kwamba swali hilo haliulizwi. Muulize alikuwa akifanya kazi gani. Jeshini kuna mafundi, wapishi, wauguzi, madereva na wahandisi, na wengi wao hufurahia sana kuisimulia kazi hiyo wakipata wa kuwasikiliza.

Sajini mmoja mstaafu, aliyekuwa upande wa usafiri, nilimpa ubao tulipofika somo la kugawa mizigo. Akachora msururu wa malori, akauliza, "Maji mtayaweka lori lipi?" Darasa likajibu la katikati, ndilo salama. Akalikata kwa mstari. "Hili likikwama, kikosi kizima kina kiu." Maji, mafuta, dawa, kila lori libebe fungu lake. Hakuna kitabu nilichowahi kutumia kilichoeleza jambo hilo vizuri hivyo. Mhadhiri mwenzangu, ukimpata mtu wa namna hiyo mpe nafasi, ila muombe kwanza mkiwa wawili, asijikute amesimamishwa ghafla watu wamtazame.

Kuna tarehe zinazouma. Januari 15, 2016, kambi ya wanajeshi wetu ilishambuliwa El Adde, nchini Somalia. Mwaka uliofuata, Januari 27, ikashambuliwa kambi nyingine huko huko Somalia, Kulbiyow. Mwanafunzi wa aina hii akikosa kipindi mwezi huo, usimdai barua ya daktari, mpangie jaribio siku nyingine. Akitaka kuketi karibu na mlango, mwache aketi. Na ukiona hali inamlemea, fuatana naye mpaka kwa mshauri nasaha wa chuo. Kumpa nambari ya simu peke yake hakutoshi, kwa sababu amefunzwa kuvumilia na ataendelea kuvumilia.

Karo ndiyo mlima wenyewe. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1944 ya kuwalipia karo askari waliotoka vitani, na kufikia 1947 karibu nusu ya waliojiunga na vyuo vikuu huko walikuwa askari wa zamani. Sisi tuna sheria yetu ya wanajeshi wastaafu ya mwaka 2022, nami naiombea itekelezwe kwa ukamilifu. Lakini chuo hakihitaji kuisubiri ndipo kimruhusu mtu alipe kwa awamu zinazokwenda na tarehe ya pensheni yake, au kumhesabia kozi alizofanya jeshini asirudie alichokwisha kujua.

Wanafunzi vijana nao waonyeshwe historia iliyo mlangoni mwao. Chuo Kikuu cha Kenyatta kimesimama mahali palipokuwa kambi ya jeshi la Waingereza, Templer Barracks, iliyokabidhiwa Kenya mwaka 1965. Mtaa wa Kariokor hapa Nairobi umepata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi wa mizigo wa Vita Kuu ya Kwanza, ambao magonjwa yaliwaua wengi kuliko risasi, na familia nyingi hazikulipwa ujira wa marehemu wao. Mchukuzi huyo yumo katika sanamu za askari pale Kenyatta Avenue, ambapo watu hupita kila siku wakikimbilia matatu. Napeleka darasa langu pale, tunasoma maandishi ya Kiswahili kwa sauti, kisha tunajadili nani alipaswa kulipa deni lile.

Na wewe uliyevua sare na unawaza kurudi shuleni, usingoje Septemba ifike. Miezi kadhaa kabla, tafuta cheti chako cha sekondari, barua ya kustaafu na vyeti vyote vya mafunzo ya jeshini, hata vile unavyoviona vidogo. Nenda ofisi ya usajili mwenyewe, uulize kuhusu madarasa ya jioni na malipo kwa awamu, na makubaliano yoyote ya karo uyapate kwa maandishi kabla hujalipa shilingi ya kwanza.