Je, nipimwe kizazi kila mwaka?

Swali: Daktari, nina miaka 59 na hedhi yangu ilikoma miaka 7 iliyopita. Tangu hapo sijaona damu. Jirani yangu, ambaye dada yake alitolewa kizazi kwa sababu ya saratani, ananisihi nipige ultrasaundi kila mwaka ili ukuta wa ndani uangaliwe. Nimsikilize? – Mama wa Majengo, Moshi.

Jibu: Mama, jirani anakutakia mema, lakini kwa mwanamke asiye na dalili kipimo hicho hakishauriwi. Takriban wagonjwa 9 kati ya 10 wa saratani ya ukuta wa ndani wa kizazi hutokwa na damu, na wengi hugunduliwa ugonjwa ukiwa bado haujatoka nje ya kizazi. Haijathibitika kwamba kuwapima wasio na dalili kunaokoa maisha. Baadhi yao hukutwa na ukuta ulionenepa kidogo tu, kisha huingia katika hofu, gharama na maumivu ya kuchukuliwa kinyama (kipande kidogo cha ukuta huo cha kupimwa) pasipo haja.

Mambo hubadilika siku damu inapoonekana. Hata doa moja la rangi ya waridi, ikiwa umekaa miezi 12 bila hedhi, usilipokee kuwa ni hedhi imerudi, kama ninavyosikia mara nyingi mno. Nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Hapo ndipo ultrasaundi, hasa ya kupitia ukeni, inapofaa: ukuta usiozidi milimita 4 hupunguza sana shaka ya saratani, na ukizidi, kinyama huchukuliwa na kupelekwa maabara.

Hata hivyo, sisi Waafrika tusiitegemee namba hiyo peke yake. Katika utafiti wa wanawake weusi uliochapishwa Marekani mwaka 2024, kati ya 210 waliokuwa na saratani hii, 24 walikuwa na ukuta wa chini ya milimita 5. Zipo aina kali zinazoota katika ukuta mwembamba, na faibroidi (uvimbe wa kizazi usio saratani), ambazo kwetu ni nyingi, huweza kuuficha ukuta usipimike vizuri. Kwa hiyo damu ikiendelea au ikirudi, omba uchukuliwe kinyama, hata kama uliambiwa picha ni safi.

Dada wa jirani si ndugu yako wa damu, hivyo ugonjwa wake haukuongezei hatari. Ingekuwa ni mama yako au dada zako, hasa wakiwa wameugua saratani ya kizazi au ya utumbo mpana kabla ya miaka 50, ningekushauri umwone bingwa wa magonjwa ya wanawake hata bila dalili.