Kabla hujaulaumu msimu, uliza mdudu aliingia lini

Wadogo zangu mnaoanza kupasua perege wa mito ya Zigi na Pangani kutafuta vimelea, kuna jambo moja lililonigharimu kazi ya mwaka mzima. Kimelea unachokiona leo si lazima kiwe kimeletwa na mvua ya leo.

Nilianza kama wengi: samaki wa kiangazi karatasi moja, wa masika karatasi nyingine, kisha nikahesabu vimelea. Kwenye matamvua hesabu ilieleweka. Trikodina (vijidudu vya seli moja) na minyoo bapa wa matamvua hawahitaji konokono wala ndege; wanahama moja kwa moja toka samaki hadi samaki, na maisha yao ni mafupi. Kiangazi dimbwi likipungua, perege husongamana na maji hupata joto, mayai huanguliwa haraka, wadudu wanajaa. Mto ukifurika, samaki wanatawanyika na wadudu wanapungua. Hawa wanakupa habari za wiki hizi.

Kisha fungua kifuko cha moyo. Mle hukaa lava (watoto) wa mnyoo Contracaecum, wamejiviringa. Safari yao ilianzia kwenye kinyesi cha ndege kama mnandi, wakapitia kwa kopepodi (vijidudu vidogo vya majini), perege akawala, na sasa wanangoja samaki aliwe na ndege mwingine. Wanaweza kungoja miezi mingi. Ndivyo alivyo na mnyoo Clinostomum, yule wa manjano anayevimba chini ya ngozi: hutoka kwa konokono, huingia kwa samaki, humalizia kooni mwa korongo. Niliwakuta wengi mwezi wa Aprili, nikaandika kwamba masika huleta minyoo. Kumbe samaki wangu wa Aprili walikuwa wakubwa kuliko wale wa kiangazi. Walikuwa wameishi zaidi, wakakusanya zaidi.

Na si ukubwa tu. Mvuvi mmoja mzee pale Korogwe aliniuliza samaki wale niliwatoa wapi. Nilipomwonyesha, akasema, "Mwanangu, juu ya dimbwi hilo ndipo mnandi wanapolala." Kwenye daftari langu mti ule wanaolalia mnandi haukuwemo kabisa.

Kwa hiyo pima urefu wa kila samaki kabla ya kisu, kisha linganisha wanaolingana. Andika maji yanatembea au yametulia, yana joto gani, konokono wapo, ndege wapo. Samaki asiye na mnyoo hata mmoja naye aandikwe, maana minyoo hujazana kwa samaki wachache na wastani peke yake utakupotosha.

Ukishuka karibu na mdomo wa Pangani, beba pia kipima chumvi. Kiangazi mto ukipungua nguvu, maji ya bahari hupanda. Perege wengi huvumilia, konokono wengi wa maji baridi hawavumilii. Tofauti utakayoiita ya mvua huenda ni ya chumvi.

Aina ya perege nayo itazame vizuri. Oreochromis korogwe, aliyepewa jina la mji wetu, si sawa na sato aliyeletwa kufugwa, na minyoo wa matamvua huchagua mwenyeji. Ukiwachanganya, utadhani msimu umebadilisha wadudu, kumbe umebadilisha samaki.

Kila samaki akae kwenye ndoo yake au mfuko wake, na matamvua yaangaliwe kwanza, angali mbichi. Samaki akifa, trikodina huanza kumwacha, na ukichelewa utaandika sifuri isiyo ya kweli.

Mwisho ni afya zenu, na hili naliomba kwa moyo wote. Miongoni mwa konokono wa madimbwi wamo wanaobeba kichocho, na kichocho cha mkojo kipo huku pwani. Vaeni buti ndefu na glavu zinazofika kwenye kiwiko. Konokono achotwe kwa wavu wenye mpini, hata kama yuko karibu kiasi cha kumfikia kwa vidole.