Miaka 12 ya Jamaika, miaka 4 ya Kentucky: maswali yenu ya glasi

Safari hii ni kama mmepanga, karibu wote mnaniuliza habari ya namba ya miaka kwenye chupa. Nimechagua barua chache. Wale msiogusa kilevi msinune, mapishi yapo ukurasa wa nyuma.

*Shikamoo anko. Sisi tupo wanne, Kijitonyama, mwisho wa mwezi huwa tunachanga tunanunua mizinga ya maana badala ya kreti za bia. Sasa tumegombana. Mmoja kaleta ramu ya Appleton Estate miaka 12, mwingine kaleta Wild Turkey 101 ambayo haina hata namba ya miaka. Huyu wa ramu anajitapa kwamba yeye kaleta kitu cha mtu mzima, sisi tumeleta mtoto. Ana haki?*

Marahaba wanangu. Huyo wa ramu apunguze mbwembwe kidogo, ila na nyie wa burboni, yaani hiyo Wild Turkey, wiski ya Marekani ya mahindi, msishangilie bado. Namba ya miaka inakwambia kitu kimoja tu, pombe changa kuliko zote zilizochanganywa humo ilikaa muda gani kwenye pipa. Haikwambii pipa lilikuwa jipya au kuukuu, haikwambii godauni lilikuwa na joto gani, na hayo mawili ndo yanafanya sehemu kubwa ya kazi.

Anza na pipa. Sheria ya Marekani inataka burboni iwe na mahindi yasiyopungua asilimia 51, itoke mtamboni ikiwa na kilevi kisichozidi asilimia 80, iingie kwenye pipa isizidi asilimia 62.5, na pipa lenyewe liwe la mwaloni, jipya, limechomwa moto ndani mpaka mbao zimefanya mkaa. Jipya kila mara, kurudia hamna. Pombe ikitoka mtamboni ni nyeupe kabisa, ukiiweka pembeni ya gongo kwa macho hutofautishi, kwa hiyo ile rangi ya kahawia na ile vanila na karameli mnayoisifia ni mbao hiyo. Sasa mapipa yakishatumika mara moja yanaenda wapi? Yanauzwa, Scotland wananunua, visiwa vya Karibiani wananunua, na hiyo ramu yenu ya Jamaika imelala kwenye mapipa yaliyoshapitiwa na wiski ya Marekani. Ni majani ya chai yanayochemshwa mara ya pili, bado yana kitu ndani ila inabidi uyaache jikoni muda zaidi. Ndo maana miaka 4 ya burboni inatoka na rangi nzito na utamu wa mbao wakati ramu ya miaka 4 bado inaweza kuonekana ya njano tu.

Halafu joto. Pipa linapumua, kila mwaka kuna pombe inapotea hewani, wenyewe wanaita mgao wa malaika. Scotland kwenye baridi inapotea kama asilimia 2 kwa mwaka, Jamaika ni asilimia 6 hivi na kwingine inazidi. Piga hesabu mwenyewe, lita 200 baada ya miaka 12 kwa hali ya Scotland zinabaki kama 157, kwa hali ya Jamaika zinabaki kama 95, yaani zaidi ya nusu imeenda na malaika hawajalipa hata senti. Na joto hilo hilo linasukuma pombe iingie ndani ya mbao na kutoka, kwa hiyo miaka 12 ya Jamaika ni kazi nzito kweli, usiilinganishe na miaka 12 ya mahali pa baridi. Kentucky, jimbo la Marekani inakotoka hiyo Wild Turkey, yenyewe ipo katikati, kiangazi kinachoma na majira ya baridi kuna theluji, tena ndani ya godauni moja mapipa ya ghorofa ya juu yanapikwa na ya chini yanapumzika, ndo maana mabwana wa mchanganyo wanazunguka wakionja wakachanganya.

Sasa hiyo isiyo na namba. Angalia lebo yake imeandikwa straight. Hapo maana yake imekaa si chini ya miaka 2, na kama ingekuwa chini ya 4 sheria ingewalazimisha kuandika umri, kwa hiyo burboni ya namna hiyo ikinyamaza ujue ina miaka 4 au zaidi. Mtoto hapo hayupo. Mi kwa ladha yangu burboni inanoga kati ya miaka 6 na 10, ikifika ishirini na kitu mara nyingi nahisi natafuna kiti, na bei yake sasa ndo balaa.

Ushindani wenu basi usiwe wa umri. Wild Turkey ina asilimia 50.5 za kilevi, Appleton hiyo ina 43, mkizinywa hivyo hivyo burboni itaiziba ramu mdomo. Tieni maji kidogo kwenye burboni zikaribiane, hapo ndo mtaanza kusikia ramu inavyotoa ganda la chungwa, ndizi iliyoiva kupitiliza, na karanga za kukaanga mwishoni. Burboni itawapa vanila na mahindi ya kuchoma na mdalasini. Mkimaliza mtaona ni vitu viwili tofauti, wala si kaka na mdogo wake.

*Kaka, nimezawadiwa ramu ya Ron Zacapa 23, nimeinywa ni tamu ajabu, hata mke wangu ambaye hapendi kali kaimaliza nusu. Kwahiyo ni miaka 23 kweli? Na huo utamu ni umri? (Wa Mikocheni)*

Hongera kwa zawadi, na shemeji mpe pole ya asubuhi yake. 23 hiyo si umri wa kila tone. Zacapa wanatumia mfumo wa solera, yaani pombe changa inaongezwa kwenye mapipa yenye pombe ya zamani, inachanganyika, inahama pipa hadi pipa, na ramu zilizomo humo zina kati ya miaka 6 na 23. Kwa hiyo mzee wa miaka 23 yumo ila amekaa na wajukuu. Wanakomaza huko Guatemala juu mlimani, kama mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, kwenye ubaridi, na ramu yenyewe wanaanzia na maji ya miwa yaliyochemshwa yakawa mazito kama asali wakati wengine wengi wanatumia molasi, ile ile ambayo huku kwetu wafugaji wanachanganyia ng'ombe.

Utamu sasa. Pombe ikishakenekwa haina sukari, hata kama imetoka kwenye miwa. Mapipa yanaongeza utamu wa kunusa zaidi kuliko wa ulimi. Ukiona ramu inalamba ulimi kama sharubati jua kuna uwezekano imetiwa kitu baadaye, na kwenye ramu si kosa kila mahali, Umoja wa Ulaya kwa mfano unaruhusu mpaka gramu 20 za utamu kwa lita. Jamaika kwa ramu inayobeba jina rasmi la nchi hawaruhusu sukari. Burboni nayo haina ruhusa, maji tu basi, hata rangi hawatii. Ndo maana watu wanaoanza na ramu tamu wakija kwenye burboni wanakunja uso wakidhani ni mbovu, kumbe wamezoea pipi.

Ukitaka kujua yako, mimina kijiko kimoja kwenye kisahani, acha mpaka kesho kikauke. Isiyotiwa kitu inaacha doa jepesi la mbao, iliyotiwa sukari inaacha gundi inayonata kidoleni. Kwa nyumba za Dar hata kidole huhitaji, sisimizi watakupa jibu kabla hujaamka.

Simaanishi uimwage. Kama mnaifurahia inyweni, tena baada ya chakula ni nzuri sana. Ila usiiweke kwenye mashindano na burboni kavu ukasema imeshinda.

*Habari dada/kaka mwandishi. Mimi ni mama wa Upanga, mdogo wangu amekuja na wiski ya rai kutoka Marekani, nimeionja inawasha na ina uchungu, nikamwonyesha kwamba ile ya Kanada tuliyozoea nayo imeandikwa rye mbona laini? Kaniambia sijui kitu. Nani yuko sahihi?*

Mama habari nzuri, ni kaka. Nyote mko sahihi, ila mdogo wako kakosa adabu.

Kanada wana desturi ya zamani ya kuita wiski yao rye, yaani rai, na sheria yao haiwalazimishi kuweka kiwango chochote cha nafaka hiyo, nyingi zimejaa mahindi ndo maana zinateleza. Marekani ukiandika rye kwenye chupa lazima nafaka iwe rai asilimia 51 au zaidi, na masharti mengine ya pipa jipya ni yale yale ya burboni. Rai ni nafaka ya nchi za baridi, huku hatuilimi, na ladha yake ni pilipili manga, binzari, majani ya mnanaa, na ukavu fulani mwishoni unaofanana na ganda la limao. Kwa hiyo huo uwashaji si ubovu, ndo yenyewe.

Ila rai na rai zinapishana mno. Nyingi za Kentucky zinakaa pale pale juu kidogo ya 51, zinabeba mahindi mengi, ukifumba macho unaweza ukasema burboni iliyotiwa iliki. Bulleit ya lebo ya kijani ni asilimia 95 rai, inatoka Indiana, hiyo ni mnanaa na bizari kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kama ya mdogo wako ni ya namna hiyo ndo maana umeshtuka. Mtake akuletee Rittenhouse, ina asilimia 50 za kilevi lakini ni nene na ina chokoleti kidogo, itiwe maji. Chupa yake imeandikwa bottled in bond, hiyo ni sheria ya mwaka 1897, kwamba pombe yote imetoka kiwanda kimoja, msimu mmoja, imekaa si chini ya miaka 4, na inafungwa na asilimia 50 kamili. Waliitunga kwa sababu enzi zile wachuuzi walikuwa wanatia rangi na takataka wakiita wiski, ujanja ambao mama hata hapa mjini unaujua.

Na umwambie mdogo wako kwamba rai ni nafaka yenye heshima ya siku nyingi Marekani. George Washington mwenyewe, rais wao wa kwanza, alipostaafu alikuwa na mtambo shambani kwake Mount Vernon, mwaka 1799 ulitoa kama galoni 11,000, na mapishi yake yalikuwa rai asilimia 60, mahindi 35, kimea cha shayiri 5. Majimbo ya Pennsylvania na Maryland yalisifika kwa rai, kisha ikaja marufuku ya pombe 1920 mpaka 1933 viwanda vikafa, na iliporudi watu walikuwa washahamia kwenye vitu laini. Miaka ya karibuni ndo imefufuka, wauza kokteli wakichangia sana.

*Nataka kuita washkaji nyumbani Tabata tuonje ramu, burboni na rai. Nianze na ipi na nifanyeje isigeuke kuwa ulevi tu?*

Kwanza usiweke mishikaki yenye pilipili kabla, ulimi ukishaungua biashara imeisha, nyama ije baadaye. Weka maji mengi na mkate mkavu au korosho zisizo na chumvi. Kimimino kiwe kidogo, nusu toti inatosha kabisa, na anayetema asichekwe. Anza na yenye kilevi kidogo panda juu, na kavu zitangulie tamu, kwa maana hiyo ramu iliyotiwa sukari iwe ya mwisho hata kama ina asilimia 40 tu, ukiianza hiyo rai itakuwa kama dawa ya meno.

Joto letu nalo ni tatizo ambalo vitabu vya wazungu havilitaji. Saa tisa mchana mwezi wa pili chupa iliyokaa mezani ina nyuzi 31 au 32, ukinusa kilevi kinakupiga puani husikii kingine. Iweke friji ya chini dakika kama kumi, au onjeni usiku feni ikiwa inazunguka. Barafu acheni kwa ajili ya kunywa, kwenye kuonja inaua harufu. Nuseni mdomo ukiwa wazi kidogo, pua isizame kwenye glasi.

Jambo kubwa kuliko yote, fungeni chupa kwenye magazeti mziandike A, B, C, na aliyezifunga asimimine. Nimeona mtu anasifia lebo dakika tano nzima, magazeti yakishafungwa anachagua ile aliyoiita ya kienyeji. Na maneno msiazime, kama unasikia tende sema tende, kama ni karafuu sema karafuu, hakuna aliyekulazimisha kusikia matunda ambayo hujawahi kuyala. Kurudi kila mtu apande bajaji au Bolt, funguo za magari mwenye nyumba azishike.

*Jack Daniel's ni burboni au si burboni? Tumewekeana dau.*

Inatimiza karibu masharti yote ya burboni, ila wanaipitisha kwenye mkaa wa mti wa mepo (maple) kabla ya pipa na wao wenyewe wanaiita wiski ya Tennessee. Dau gawaneni.

*Nimepata mzinga wa burboni Kariakoo kwa bei ya kutupa. Ninunue?*

Angalia stempu ya TRA, halafu uikague kwa simu na programu yao ya Hakiki Stempu. Haina stempu, au haisomeki, au kizibo kinacheza, acha, hata wakikupa bure. Pombe iliyoghushiwa inaweza kuwa na methanoli na hiyo pua haiikamati, inaua macho kabla haijakuua mwenyewe.

*Baba ana chupa ya ramu ya miaka 8 aliyonunua 1998, haijafunguliwa. Ina maana sasa ina miaka zaidi ya thelathini?*

Hapana, ikishatoka kwenye pipa umri umesimama, kwenye kioo haikui, ina 8 yake vile vile. Isimamishe wima isilazwe, maana kilevi kinakula kizibo, na jua lisiipige. Siku ikifunguliwa ikabaki robo ihamishe kwenye kichupa kidogo hewa isiichoshe. Ila muulize mzee kwanza.