London kwenda New York: masaa matatu au manane?

Ndugu, nimekuelewa, tiketi inaonyesha unaondoka London 11:00 unafika New York 14:00 ukadhani unaruka masaa matatu tu, na kurudi unatoka 19:00 unatua 07:00 ukahesabu 12. Hapana bana. Kila muda kwenye tiketi ni wa mji husika, na New York iko nyuma ya London masaa 5. Kwa hiyo kwenda ongeza 5 unapata 8, kurudi toa 5 unapata 7.

Hiyo saa moja inapotea wapi? Upepo. Kule juu kama kilomita 10 kuna upepo mkali unavuma toka magharibi kwenda mashariki, kwenda unapigana nao, kurudi unakusukuma. Umbali ni ule ule, kama kilomita 5,550, ndo maana usigawanye tu kwa spidi ya ndege ukasema umemaliza.

Halafu cheki hizi: 11:00 ni saa tano asubuhi, sio saa kumi na moja (mimi nishawahi kuchanganya hapo, niliikuta geti imefungwa!). Mwezi wa tatu Marekani wanasogeza saa zao mbele mapema kuliko Uingereza, kwa hiyo kwa wiki mbili au tatu tofauti inakuwa masaa 4. Ukiunganisha ndege kwa tiketi mbili tofauti acha hata masaa manne, ukichelewa hasara ni yako. Na kama ulishawahi kupata damu kuganda miguuni, muone daktari kwanza kabla hujakaa kwenye siti muda wote huo.