Mlilie Mungu, Usimkimbie

Ushauri wangu wa kwanza kwa Mkristo aliye katika mateso ni kwamba asimfiche Mungu uchungu wake. Nilimuuguza mume wangu, aliyekuwa na ugonjwa wa figo, hadi alipoaga dunia, na katika muda huo wote tulikuwa tukitoka mtaani Umoja, hapa Nairobi, alfajiri, mara mbili kwa wiki, ili awahi zamu yake kwenye mashine ya kusafisha damu. Waliotutembelea walitarajia kusikia kwamba Mungu ni mwema kila wakati, nasi tuliitikia hivyo kwa sababu tunaamini. Lakini usiku, madeni yakiwa yametuzidi na miguu yake imevimba, maneno hayo peke yake hayakutosha kuwa sala.

Zaburi ndizo zilizotosha. Nyingi kati yake ni maombolezo, na kwa kawaida maombolezo hayo huishia katika shukrani au tumaini, ila Zaburi ya 88 humalizika gizani. Hata hivyo Kanisa Katoliki limeiweka katika sala ya usiku ya kila Ijumaa, ili aliyeishiwa na maneno apate la kusema. Naye Bwana wetu, akiwa msalabani, alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Swali hilo zito hakuwauliza askari wala umati, bali alimuuliza Baba yake. Aliyeikana imani hana haja ya kumlalamikia Mungu. Hunyamaza na kushika njia yake. Kwa hiyo, ikiwa bado unalia mbele zake, hata kwa hasira, jua kwamba imani yako ingali hai.

Jihadhari pia na wanaokutafutia sababu ya mateso yako. Rafiki zake Ayubu walifanya vyema walipoketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno. Waliharibu pale walipoanza kumweleza kwamba lazima alikuwa ametenda dhambi, na mwishoni Mungu aliwakasirikia wao, si Ayubu aliyeuliza maswali makali. Katika jiji hili hutakosa mtu wa kukuambia kwamba ugonjwa ni laana ya ukoo, au kwamba ukipanda mbegu ya fedha utapokea muujiza. Sisi tuliambiwa hivyo wakati uleule tulipokuwa tukifanya harambee ya matibabu. Fedha ya dawa ni ya dawa, na mhubiri anayeidai kwa familia yenye mgonjwa hana haki nayo, hata akitaja mistari mingi kiasi gani.

Nilipokosa nguvu za kusali, wanajumuiya, yaani Wakatoliki wenzetu wa mtaani tunaosali pamoja, walikuja kusali sebuleni kwetu, nami nikaketi nikiwasikiliza wakisema rozari. Sioni aibu katika hilo, kwani yule mwenye kupooza wa Kapernaumu aliteremshwa kupitia darini na wenzake, na Injili ya Marko inasema kwamba Yesu aliiona imani yao. Mwite kasisi mapema pia, maana mpako wa wagonjwa, yaani kupakwa mafuta matakatifu na kuombewa, si sakramenti ya wanaokata roho pekee, kama wengi wanavyodhani. Umewekwa kwa kila mwamini mwenye ugonjwa mzito, na unaweza kurudiwa hali ikizidi kuwa mbaya.

Tena ule na ulale. Eliya alipoomba afe chini ya mti jangwani, malaika hakumhubiria. Alimwamsha ale mkate, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili kabla hajashika safari. Anayeuguza hujisahau, halafu hudhani kwamba imani imemwishia kumbe mwili ndio uliochoka. Kwa hiyo ndugu au jirani akikuuliza akusaidie nini, usimjibu kwamba mko sawa. Mwombe aje Alhamisi akae na mgonjwa kuanzia saa nane hadi jioni, au awapokee watoto wanaposhuka kwenye basi la shule.